Bundi Arobaini na Mmoja

Kwenye kivuko cha asubuhi, mwalimu wa hesabu aliacha kusahihisha madaftari alipowasikia wawili wa benchi la mbele. Mwanamume, mwenye kiwanda cha mbao, alikuwa akifuata kibali cha kukata msitu wa kisiwani, nacho kingesainiwa siku hiyo.

"Bundi wenu wameongezeka, dada. Ripoti inasema arobaini na mmoja. Hawamo tena hatarini."

"Hongera zao," alijibu mwanamke, mlinzi wa msitu huo. "Unajua walihesabiwaje? Timu mbili, kila moja upande wake wa kilima, zinapiga kwa spika mlio wa bundi uliorekodiwa, ili bundi wa kweli waitikie."

"Na wakaitikia!"

"Spika iliitikia spika, kaka, usiku kucha. Nilikuwepo. Bundi niliowaona kwa macho yangu ni wawili, nao waliita mara moja tu, kisha wakabaki wanashangaa."

Mwalimu alitoa wawili kichwani: bundi thelathini na tisa wanatumia betri.

"Si upeleke malalamiko basi."

"Haya hapa mkononi. Tuone afisa ataanza kusoma karatasi ya nani."

Kivuko kiligusa gati. Wawili hao walikuwa wameshafika mlangoni, bega kwa bega, na hakuna aliyempisha mwenzake.