Mwalimu Penseli, Aliyechagua Nyimbo kwa Mpigaji wa Mwisho

Ndugu wafiwa, majirani, walimu, wanafunzi wa zamani, na nyinyi mliotumwa na ofisi ya shule: poleni sana. Mimi ni mdogo wake marehemu, fundi bomba, na mdomo wangu mnaujua. Wazee wa familia waliniomba niuandike wasifu huu kwa upole. Nimejitahidi. Pale upole uliponiishia mtanisamehe, lakini sirudi nyuma, maana vijitabu vimeshachapishwa na viko mikononi mwenu.

Marehemu dada yetu alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Machi 1961, katika chumba cha uani nyuma ya kibanda cha fundi viatu, na huyo fundi viatu ndiye baba yetu. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto wanne. Baba alimwita Penseli kwa sababu ya wembamba wake, na jina likamganda hata alipokuja kunenepa. Wanafunzi wake wanadhani aliitwa hivyo kwa ile penseli aliyokuwa akiichomeka kwenye nywele halafu anaitafuta darasa zima. Hapana, jina lilitangulia.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1968 katika shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya soko, na mwaka 1976 akaenda sekondari ya wasichana, bweni. Huko alijiunga na bendi ya shule akapewa klarineti ya tatu. Kwa miaka miwili kazi yake ilikuwa kuhesabu mipigo hamsini na miwili ya kimya, apulize mara mbili, kisha aanze kuhesabu upya. Likizo alikuwa akifua nguo huku midomo inacheza, mpaka mama akashtuka: "Wewe mtoto, unamhesabia nani?" Akamjibu, "Wenzangu, mama. Wao wanapiga." Tulimcheka siku hiyo. Yeye hakusahau. Alisema hakuna mtoto anayestahili kukaa na ala mapajani kama aliyepakatishwa mtoto wa watu.

Machi 1982 aliajiriwa katika duka la ala za muziki, ghorofa ya kwanza, juu ya wauza vioo. Kazi yake ilikuwa kuwatafutia walimu wa bendi karatasi za muziki, na hapo ndipo jazi ilipomkamata. Mwalimu anaingia anasema, "Nipe kitu cha jazi, kizuri." Dada anauliza, "Una tarumbeta ngapi? Yule wa mwisho wao ana muda gani kwenye bendi?" Wengine walikasirika, wamekuja kununua si kuhojiwa. Waliojibu walirudi mwaka uliofuata wakicheka. Wasiojibu walirudi wiki iliyofuata na karatasi zao mkononi.

Ndoa ilitokana na kabati la duka hilo. Droo ziligoma, akaitwa seremala, na seremala akawa anarudi kurekebisha droo ambazo hazikuwa na tatizo. Dada akampa mtihani: akamwekea jazi kwenye redio, akamwambia apige makofi. Shemeji yangu, aliyekaa hapo mbele, alipiga makofi pasipotakiwa kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa moyo wote. Dada akaja nyumbani akasema, "Huyu nitamfundisha." Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 9 Desemba 1989, wakajaliwa binti na kijana. Shemeji hajajifunza mpaka leo. Watoto nao hakuna anayepiga hata filimbi, na dada alisema nyumba moja mwehu mmoja anatosha.

Mwaka 1993 aliingia kufundisha muziki katika shule ya sekondari ambayo sina haja ya kuitaja, mnajuana. Chumba chake kilikuwa cha mwisho, ubavuni mwa choo cha walimu, na bati lake mvua ikinyesha bendi yote inanyamaza. Humo ndimo alimofanya ile kazi ambayo watu waliiona ndogo. Kila mwanzo wa muhula alimsikiliza kila mwanafunzi peke yake, dakika mbili, akaandika kwenye kadi: huyu anafika nota hii bila kukunja uso, huyu pumzi yake fupi, huyu ana jino linalotikisika, tusubiri. Akishajaza kadi zote ndipo anafungua karatasi za nyimbo. Na hakuanzia juu. Alianzia kwa tarumbeta ya tatu na besi. Kama hao wamepewa nota ndefu tu, wasimame kama walinzi wakati mmoja anafaidi, wimbo anauweka pembeni. Akaangalia kama ngoma zimeandikwa au mpigaji ameachwa abuni mwenyewe. Akaangalia zile sehemu ambazo mtu husimama peke yake akapiga anavyojisikia, maana katika jazi karatasi hapo huwa mistari mitupu, na mtoto asiyezoea ukimsimamisha mbele ya mistari mitupu umemvua nguo. Kwa hao aliwaandikia kwa penseli kitu cha kuanzia, halafu mwaka wa pili akakifuta, kidogo kidogo. Alisema nota za jazi zimeandikwa zimenyooka lakini hupigwa zikichechemea, na watu kumi na tisa kuchechemea kwa pamoja si mchezo. Nimewasikia kwa masikio yangu. Mimi ni mtu wa mabomba, sijui muziki, lakini nilikuwa nikitoka pale natembea tofauti.

Sasa nafika pale wazee walipotaka nipite haraka. Sipiti haraka.

Mwaka 2013 shule iliandaa jubilei. Mwenyekiti wa kamati ya sherehe alikuwa mkandarasi, ametangulia mbele ya haki, na marehemu hasemwi; namtaja kwa sababu tu alikuwepo. Aliusikia wimbo wa jazi ndani ya gari lake, umerekodiwa na watu wazima waliozeekea kazini, akaupenda. Akamwita dada ofisini. Dada alinisimulia mara nyingi, nina hakika na kila neno.

"Huu ndio wimbo," akasema mwenyekiti.

"Umeziona karatasi zake, mzee?"

"Za nini? Nimeusikia!"

Karatasi zilifika Alhamisi, tarehe 3 Oktoba. Jubilei ilikuwa Jumamosi, tarehe 12. Siku tisa! Dada alizifungua, akazifunga, na kesho yake akaandika barua ya kukataa, akapendekeza wimbo mwingine ambao watoto walishauanza. Katibu wa kamati, aliyekuwa naibu wa mwalimu mkuu wakati huo, akamjibu kwamba wageni hawaji kusikiliza nyimbo za watoto. Dada akamwambia, "Lakini wapigaji ni watoto." Basi akaomba japo aruhusiwe kupunguza makali kwa penseli. Akakatazwa hata hilo: upigwe ulivyo, mgeni rasmi anaujua.

Mlikuwepo wengi. Binti wa kidato cha tatu aliyepiga tarumbeta ya kwanza alirushwa kule juu, kwenye nota za juu kabisa, mara saba kabla ya katikati ya wimbo. Mara ya nane mdomo ukapasuka. Damu ilitiririkia kwenye blauzi nyeupe ya shule mbele ya mgeni rasmi, bendi ikasambaratika, na kuna watu wazima kwenye viti vya mbele waliocheka. Yule mtoto aliweka tarumbeta juu ya kiti, akatoka, na hakuishika tena.

Jumatatu, tarehe 21 Oktoba, dada alipewa barua ya onyo. Naisoma kama ilivyo: "Ulichagua wimbo usiolingana na uwezo wa wanafunzi, kinyume cha weledi wa kazi yako." Jamani! Mngemwonya kwa kuchelewa, angekubali, alikuwa anachelewa. Mngemwonya kwa kuwagombeza wazazi, hata mimi ningetoa ushahidi. Lakini mmempa kosa hili! Hili hili moja ambalo hakulitenda tangu azaliwe, na mlilitenda wenyewe, na barua mkaisoma mbele ya wanafunzi wote mstarini ili lijulikane. Aliyeisaini ni yule katibu, ambaye leo ndiye mwalimu mkuu. Karibu, mwalimu. Nimekuona mstari wa pili.

Dada aliomba isahihishwe. Aliandika barua sita, kila moja akiiambatanisha na nakala ya ile barua ya kukataa. Majibu aliyopewa ni mdomoni tu, kwenye korido: "Yaishe, mama. Funika kombe mwanaharamu apite." Kombe limefunikwa miaka kumi na mmoja. Huyo mwanaharamu anatambaa? Tangu siku ile nyimbo zikawa zinachaguliwa na ofisi, na afisa asiyejua nota hata moja alikuwa anahesabu kurasa, zenye kurasa nyingi ndizo nzuri. Dada alifundisha hivyo hivyo mpaka alipostaafu, Machi 2021. Namna hiyo ya kumnyamazisha mtu iliniuma kuliko kama wangemfukuza.

Februari 2022 madaktari walisema moyo wake umepanuka. Alilazwa mara nne, akauguzwa na binti yake, ambaye ni muuguzi na hakubali mzaha na dawa. Mei mwaka huu miguu ilivimba sana, akarudi wodini, kitanda cha dirishani. Siku chache kabla ya mwisho aliniita karibu. Nilidhani ataniagiza habari za watoto. Akasema, "Wewe ndiye utakayesoma. Usiseme nilikuwa mwema, watu watasinzia. Sema ule wimbo sikuuchagua." Alifariki Alhamisi, tarehe 6 Juni 2024, saa nne asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono.

Siku mbili baadaye shule ilituletea rambirambi. Mtaikuta ukurasa wa nne. Inasifu "kipaji chake adimu cha kuwachagulia wanafunzi nyimbo." Niliposoma nilikwenda mwenyewe ofisini nikaomba jambo moja: waandike sentensi moja kwamba wimbo wa jubilei hakuuchagua. Nikaambiwa hilo linahitaji kikao. Mtu amekufa, sentensi inasubiri kikao!

Jumapili, kwenye matanga, aliingia mwanamke kijana, mama wa mtoto mmoja, anafanya kazi ya kupima macho. Alikaa nyuma mpaka watu wakapungua, kisha akaja kwangu. Mdomo wa juu ana kovu dogo, ungedhani ni mkunjo tu. Akaniuliza, "Mjomba, ni kweli ni mwalimu aliyeuchagua? Kwa nini alinichukia?"

Ndugu zangu, mimi nilidhani kosa liko kwenye faili. Kumbe liliishi ndani ya mtoto huyu miaka kumi na mmoja. Dada alikwenda kwao mara mbili, na mara zote mbili mama mtu alimwambia mlangoni, "Mwache mwanangu." Hakumlaumu yule mama. Nami nilimwambia binti anisubiri. Nikamletea tu nakala ya barua ile ya tarehe 4 Oktoba, akasoma hadi chini, pale dada alipoandika: "Tarumbeta ya kwanza bado hajafika huko juu. Mwakani atafika, namjua. Msimvunje leo kwa ajili ya wageni."

Aliirudia kuisoma akiwa amesimama. Akasema, "Kumbe alijua ningefika." Kisha akalia kilio ambacho hata siku ya msiba wenyewe sikukisikia, na mimi na domo langu nikamvutia kiti.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu, sisi wadogo zake watatu, wanafunzi wa miaka ishirini na minane, na barua moja ya onyo ambayo mpaka wasifu huu unakwenda kwa mchapaji haijafutwa.

Mwalimu mkuu, sisi hatuna kikao. Tuna hawa watu wote, na wamesikia. Ule wimbo hakuuchagua yeye.

Sasa na apumzike kwa amani.