Sura Tatu na Jina la Odetta

Asubuhi moja, katika basi la kusini mwa Chicago, binti mmoja alikuwa akisoma kitabu cha historia ya mji huo. Bibi aliyekaa naye akamuuliza, "Humo wameandika mgomo wetu wa wafua nguo?" Mimi nilikuwa kiti cha nyuma, nikijifanya naangalia simu iliyozimika.

Binti, Marisol jina lake, akapekua. "Kuna sura ya wanawake, ya watu weusi, na ya wapenzi wa jinsia moja. Mgomo siuoni."

"Na sisi tuliokuwa yote matatu, tumewekwa wapi?"

Bibi huyo, Verlene, akaeleza kwamba yeye na Odetta ndio walioongoza mgomo. Wanawake weupe waliwaambia habari za rangi zisubiri. Wanaume weusi wakasema za wanawake ndizo zisubiri. "Walikubaliana jambo moja tu, kwamba Odetta nimwite rafiki. Tumelala kitanda kimoja miaka thelathini na moja, na siku ya kumzika mchungaji bado akasema rafiki."

"Nimtie kwenye insha yangu, bibi? Ila mwalimu atataka ushahidi."

"Ushahidi umekaa hapa, magoti yananiuma."

"Atataka maandishi."

"Basi andika, yawepo."

Marisol hakucheka. Alifungua daftari, akauliza jina la ukoo la Odetta. Verlene akaanza kulitaja herufi moja moja, polepole, kama anayeogopa likosewe. Basi likasimama kituoni kwangu, nikashuka na nusu ya jina.