Cosmas Wesonga Odero na Kiti cha Mlangoni

Kuna sentensi moja Cosmas alitukataza. Alisema siku wasifu wake utakaposomwa, mtu asithubutu kusema aliaga dunia baada ya kuugua kwa muda mfupi. "Kila maiti ya Kenya imeugua muda mfupi," aliniambia akicheka, "hata yule amelala wodi mwaka mzima. Sasa mtu ataamini serikali aje, na sisi wenyewe hatuwezi sema ukweli ya mtu wetu?" Kwa hiyo mimi, Millicent Odero, dada yake mkubwa, nitasoma yote. Mchungaji ameniomba nisipitishe wakati, nami nimemwambia nitajaribu.

Marehemu Cosmas Wesonga Odero alizaliwa tarehe 9 Agosti 1975 huko Funyula, Samia, katika Kaunti ya Busia. Alikuwa mtoto wa pili wa marehemu Mzee Barnaba Odero, seremala, na marehemu Mama Hannah. Alianza kubishana kabla hajaota meno yote. Siku moja wageni walikuwa wanakuja, na kuku aliyepikwa akapotea jikoni. Mbwa wetu alikuwa amelala uani, tumbo limejaa, na baba akachukua fimbo. Cosmas, akiwa na miaka saba hivi, alisimama mbele ya yule mbwa akauliza ni nani aliyemwona akila, na kama kulala ni kosa. Baba alicheka mpaka fimbo ikamtoka mkononi. Jioni nilimuuliza Cosmas kama kweli aliamini mbwa hana hatia. Akasema, "Ni yeye alikula. Lakini lazima awe na mtu wa kumwongelea."

Alisoma shule ya msingi pale pale nyumbani, kisha akajiunga na shule ya upili ya wavulana huko Butula, ambako alimaliza kidato cha nne mwaka wa 1994. Alikuwa nahodha wa chama cha mijadala. Mwalimu alikuwa akiwapangia upande bila kuwauliza wanaonaje, na Cosmas aliwahi kushinda zawadi kwa kuthibitisha kwamba mjini ni kuzuri kuliko kijijini, ilhali mji mkubwa aliokuwa ameuona ni Busia. Karo ya chuo haikupatikana. Hakulalamika, au kama alilalamika, hakulalamika mbele yangu.

Alikuja Nairobi Januari 1997, akaishi nami Kawangware, ambako nilikuwa nimefungua duka langu la ushonaji. Alifanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha uchapishaji mjini, kisha akapata nafasi ya kusoma matangazo ya biashara katika kituo kimoja cha redio katikati ya jiji. Sitakitaja. Wakitaka kutangazwa, walipie. Februari 2014 kituo hicho kilianzisha kipindi cha asubuhi cha mjadala wa siasa, na wengi wenu ndicho kilichowaleta hapa leo. Watu wawili, mada moja kila siku: mmoja anatetea serikali, mwingine anaikosoa. Siku ya kwanza mvua ilinyesha, na Cosmas akachelewa. Mwenzake, Bwana Nthiwa, alikuwa amewahi na kukalia kiti cha dirishani, ambacho kilikuwa kimepangiwa mkosoaji. Kikabaki kiti cha mlangoni, cha mtetezi wa serikali. "Anza hapo, ni wiki mbili tu halafu mtabadilishana," mtayarishaji akamwambia.

Hawakubadilishana. Ndugu yangu aliketi mlangoni miaka kumi na mmoja.

Naomba lieleweke, kwa sababu nimelimeza vya kutosha: nyumbani, Cosmas alikuwa mkali kuliko Nthiwa. Habari za saa moja jioni zilikuwa zikimfanya ainuke kwenye kochi na kuionyesha televisheni kidole. Nthiwa naye, na atanisamehe, aliamini nusu ya yale Cosmas aliyokuwa akisema redioni. Lakini ikifika asubuhi kila mmoja alikalia kiti chake. Mwanzoni Cosmas alicheka. Alisema hata serikali, kama yule mbwa wetu, lazima iwe na mtu wa kuiongelea. Serikali ilipobadilika mwaka wa 2022, alidhani sasa atatoka pale. Meneja akamwambia kiti ni cha serikali iliyopo, yoyote itakayokuwepo. Jumatatu Cosmas akaanza kuwatetea watu aliokuwa akiwapinga Ijumaa. Mtaa mzima ukasema anafuata tumbo lake.

Hapa mtaani kwetu Satellite hakupumua. Muuza nyama alikuwa akimfungia mifupa mitupu akimwambia, "Hiyo ndio maendeleo yenu, mzee." Vijana wa bodaboda walimuuliza kama petroli imeshuka bei kule anakoishi yeye. Binti yake Ivyne aliitwa mtoto wa serikali tangu darasa la sita. Mwaka ule vijana walipoingia barabarani kuandamana, Cosmas aliketi mlangoni akiwasihi warudi nyumbani, na asubuhi hiyo hiyo yeye mwenyewe ndiye aliyemfungia Ivyne chupa mbili za maji na kitambaa cha kufunika pua. Ivyne alikuwa mjini akisikiliza watu wakimtukana baba yake, na hangeweza kumtetea bila kumharibia kazi.

Mtaniuliza kwa nini hakuacha. Watoto walikuwa shuleni, na mtu aliyezungumza kwa niaba ya serikali miaka yote hiyo haajiriwi na yeyote asiye serikali. Lakini kulikuwa na jambo zito zaidi. Kila alipoomba kuhamishwa, meneja alimjibu hivi: "Cosmas, listener ameshakuzoea. Ukibadilisha side leo, atauliza, sasa alikuwa anatudanganya jana ama anatudanganya leo?" Ndugu yangu alirudi nyumbani akaniambia, "Millie, huyo jamaa ako right. Nimefungiwa ndani na mimi mwenyewe."

Tarehe 14 Desemba 2002 marehemu alifunga ndoa na Lornah katika kanisa hili hili. Alipomposa alianza na hoja za kupinga: hana kiwanja, ana mdomo, ana dada msumbufu. Lornah alimwacha amalize, kisha akamwambia, "Umemaliza upande wa kupinga. Wa kuunga mkono niachie." Walijaliwa watoto wawili, Ivyne na Quincy. Alikuwa baba wa kupika chapati Jumapili na wa kushindwa kimakusudi kila alipocheza drafti na Quincy. Lornah hakuwahi kusikiliza kile kipindi hata mara moja. Alisema akimtaka Cosmas anamngoja nyumbani.

Oktoba 2022 figo zake zilishindwa kufanya kazi kwa sababu ya presha, naye akaanza kusafishwa damu kwa mashine kila Jumatatu na Alhamisi. Kituo chenyewe cha mashine familia haikitaji, kwa maana wauguzi wa pale hawakumkosea lolote na tunawashukuru. Daktari alimfungulia mshipa kwenye mkono wa kushoto kwa ajili ya sindano, ukavimba kama kamba chini ya ngozi. Hakutaka ionekane. Mtangazaji mgonjwa hupewa likizo ambayo haiishi. Basi nikawa ninamshonea mashati ya mikono mirefu, wa kushoto mpana kuliko wa kulia, na hata Januari, jua likiwaka, alivaa hivyo. Aliyejua kazini ni Nthiwa peke yake. Kipindi kikiisha, baada ya kurushiana maneno makali masikioni mwa nchi nzima, Nthiwa alimwendesha kwenye mashine, halafu akageuza gari kurudi kwake Loresho. Krismasi zote tangu hapo Cosmas hakulala Funyula, kwa kuwa mashine haikumpa nafasi ya kwenda mbali.

Kwenye mashine ya jirani alikuwa Mama Kalekye wa Mutuini, anayefuga kuku. Siku ya kwanza Cosmas alimwomba muuguzi blanketi, na mama akageuza shingo.

"Ngoja kwanza. Hiyo sauti naijua. Si ni wewe hutuambia kila asubuhi mambo iko sawa?"

Cosmas akageuza uso ukutani.

"Usininyamazie. Niko na sindano mbili, wewe uko na mbili. Hakuna mwenye anaenda mahali. Ongea."

Waliongea. Saa nne nzima kila mara, Jumatatu na Alhamisi, mmoja hawezi kumkimbia mwenzake. Mama Kalekye alimkosoa kuliko Nthiwa, na mwishowe akawa anamletea mayai. Cosmas aliniambia ule ndio mjadala pekee wa maisha yake ambao hakupangiwa upande.

Machi mwaka huu kadi za bima zilikataa kusoma. Waliambiwa mtandao umeanguka, warudi kesho, na kesho wakaambiwa kesho. Mama Kalekye alirudishwa Mutuini miguu imefura. Cosmas alirudishwa Satellite akihema kama mtu aliyepanda ngazi. Jioni hiyo ya Alhamisi ujumbe wa kazini ukaingia: mada ya kesho ni bima ya afya. Yeye, kama kawaida, aseme inafanya kazi.

Ijumaa tarehe 21 Machi Cosmas aliketi kwenye kiti chake cha mlangoni, na zamu yake ilipofika akasema, nami nilikuwa nikisikiliza dukani, mkasi mkononi: "Leo naomba kusema maneno yangu. Mimi ni mgonjwa wa figo. Jana nimerudishwa nyumbani. Mimi nimetetea hii kitu hapa, na nimekosea." Ndugu zangu, nililia nikamlowesha mteja suti.

Kisha wakafungua simu. Wa kwanza akasema Cosmas amenunuliwa, alikuwa amelala upande ule na sasa amepewa kitu kidogo upande huu. Wa pili akasema, "Hiyo ni kiki. Anataka tumchangie. Leta till number basi!" Wa tatu akauliza kama mgonjwa wa figo ana sauti nzuri hivyo. Nthiwa akaingilia, "Jamani, ni kweli, mimi ndiye humpeleka," na simu iliyofuata ikasema, "Si mnaona? Wamepanga wawili." Mama Kalekye naye akapiga kutoka kitandani. Alisema, "Mimi nalala mashine ya karibu na huyu mtu," na kabla hajaendelea mtangazaji wa zamu akamuuliza, "Mama, nani amekutuma?" Simu ikakatwa. Miaka kumi na mmoja watu walimsikia akisema asichoamini, wakamkasirikia kwa sababu walidhani anakiamini. Siku aliyosema anachoamini, hakupata wa kumwamini. Mpaka leo nikikumbuka nashindwa kulala, na sitawadanganya kwamba nimesamehe kila mtu.

Wiki hiyo alipewa likizo. Kadi zilianza kusoma tena, lakini maji yalikuwa yameshaingia kwenye mapafu na moyo ulikuwa umechoka. Alilazwa mwezi Mei. Nilipokuwa namkanda miguu aliniuliza, "Millie, hata mmoja hakuamini?" Nikamwambia Mama Kalekye aliamini. Akafikiri kidogo, akasema, "Huyo aliona mkono." Nikaendelea kumkanda.

Cosmas aliaga dunia Jumapili tarehe 8 Juni 2025, alfajiri, Lornah akiwa amemshika. Aliugua kwa miaka miwili na miezi minane. Hiyo ndiyo sentensi aliyoitaka, na sasa imesomwa.

Ameacha mjane, Lornah. Watoto, Ivyne na Quincy. Mimi dada yake Millicent, na mdogo wetu Yvonne aliye Funyula akitungoja. Rafiki yake Nthiwa, ambaye bado anakitazama kiti cha mlangoni, ingawa tangu Aprili kimewekwa mtu mwingine. Na jirani yake wa mashine, Mama Kalekye, aliyeketi safu ya pili na sweta ya kijani. Leo ni Ijumaa, si siku yake, ndiyo maana ameweza kuja. Tukitoka hapa tunaanza safari ya Funyula, ambako atazikwa kesho kando ya baba na mama. Safari hii hakuna wa kumwambia arudi kabla ya Jumatatu.

Limebaki moja. Wazee wa ukoo wameniuliza tangu asubuhi kwa nini Wesonga hakuvishwa suti, na kwa nini mtu wa heshima zake analala kwenye jeneza na shati la mikono mifupi kama anayekwenda kuchota maji. Si kosa la mochari. Lornah ndiye aliyetaka hivyo, na mikono niliikata mimi, kwa mkasi wangu mwenyewe, kwenye shati la mwisho nililomshonea. Mkono wake wa kushoto, wenye ule mshipa, uko juu ya kifua.

Kwaya ikianza, mtapita mstari mmoja kumuaga. Najua wapo waliokuja kwa mapenzi, na wapo waliokuja kuhakikisha. Nyote karibuni. Na kama mmoja wa wale waliopiga simu asubuhi ile yuko hapa, tafadhali apite naye. Hatutamuuliza jina wala nani amemtuma. Autazame huo mkono mpaka aridhike, kisha arudi akae nasi.

Pumzika kwa amani, ndugu yangu. Sasa wameuona.