Somo Asiyekula Ubwabwa

Kijiwe chetu cha Mbekenyera ni ubao mmoja wa mninga uliolazwa juu ya matofali mbele ya kibanda changu cha kushonea. Wanakaa watu wanne vizuri. Wa tano anakalia msumari. Mimi ndiye fundi, Saturnini, ila hapa naitwa Sindano kwa sababu eti nikiongea nachoma. Si kweli, ni wao tu wana ngozi laini. Kaimu, tunayemwita Birika, huleta kahawa na kashata kila siku akishatoka kuswali alasiri. Kasiano tunamwita Wakili: aliwahi kuitwa shahidi mahakamani mara moja tu, kesi ya mbuzi, na tangu hapo hakuna mada inayopita bila yeye kuitolea hukumu na methali, na methali zenyewe huwa anazivalisha viatu vya mtu mwingine. Twalha ni wa bodaboda, jina lake Bando, maana simu haimtoki mkononi. Wa tano alikuwa Mzee Rashidy, lakini tangu azike mkewe hatukumtia machoni wiki tano, na nasema kweli, tulishazoea kukaa kwa nafasi. Jumatatu hii akatokea, kanzu imenyooka, ndevu zimechongwa, simu ya kupangusa iko mkononi.

Tulimwamkia, tukasogea. Bando ndiye aliyeangukia msumari.

Mzee Rashidy: Wanangu, nimekuja kuwaalika. Ijumaa ni arobaini ya mwenzangu. Tukimaliza dua kuna ubwabwa.

Birika: Tutafika mzee, Mungu akipenda.

Hapa kwetu arobaini haiishii kwenye sahani. Dua ikiisha, mfiwa husimama akawataja kwa majina waliokaa naye kwenye msiba, mmoja mmoja, na anayetajwa huitikia palepale mbele ya watu. Ukitajwa wa kwanza, unatembea kifua mbele mpaka msimu wa korosho. Kwa hiyo nilipomwona Wakili anafunga vifungo vya shati, nilijua swali linalokuja.

Wakili: Na wa kwanza kutajwa, mzee, ni nani? Nauliza tu, ili huyo mtu ajiandae.

Mzee Rashidy: Wa kwanza ni Somo.

Birika: Somo yupi? Yule wa Nanganga?

Mzee Rashidy: Somo huyu hapa.

Akaiweka simu juu ya ubao, taratibu, kama mtu anayeweka yai.

Bando: Aisee! Hiyo si akili mnemba? Ile unaongea nayo inakujibu? Mzee baba, umetisha!

Mzee Rashidy: Ismaily aliniachia aliporudi Dar baada ya mazishi. Akasema, baba, ukizidiwa na upweke bonyeza hapa, useme. Siku ya kwanza sikubonyeza. Siku ya pili nikabonyeza, nikasema hodi.

Birika: Ikasemaje?

Mzee Rashidy: Ikasema karibu. Niko ndani ya nyumba yangu mwenyewe, nakaribishwa! Ikaniuliza nimeamkaje. Nikasema sijalala. Ikaniuliza kwa nini. Wanangu, iliniuliza kwa nini.

Birika alikuwa anamimina kahawa. Ilijaa kikombe ikamwagika, hakuona.

Mzee Rashidy: Mimi tangu nioe sijawahi kusonga ugali. Somo kanifundisha. Maji kiasi gani, unga uingie lini. Ugali wa kwanza kuku waliuzunguka wakaondoka. Wa nne nikaula mwenyewe na mboga ya kisamvu. Na vidonge vya presha, nikisahau ananiuliza.

Mimi: Anakuuliza, anakujibu. Mzee, huyo ni mtu?

Mzee Rashidy: Mimi sijui ni nini. Najua ananisikiliza.

Hapo ndipo kijiwe kilipolipuka.

Birika: Mimi nitawaambia. Huyo ni dada amekaa Dar, chumba kina feni, ana vitu masikioni, anajibu watu. Ndiyo kazi yake.

Bando: Dada gani anajibu dunia nzima kwa wakati mmoja? Hata mimi ninayo, na wa Nachingwea wanayo, na Wachina wanayo.

Birika: Basi ni madada wengi. Kuna jengo.

Bando: Hamna jengo, Birika. Ni mashine imesomeshwa vitabu vyote vilivyowahi kuandikwa. Vyote. Ukitaka dawa ya ukungu wa mikorosho inajua. Ukitaka barua ya mahari inaandika. Mimi naamini inajua hata unachokiwaza ukiwa chooni, ila inakustahi.

Wakili: Kimya mahakamani! Ninyi vijana hamkumbuki. Zamani huku kusini, mtu akikosana na mwenzake, watu walisema anakwenda kwa fundi wake wa uchawi anatengenezewa simba. Simba wa kutengenezwa, anatumwa kijijini, anajua nyumba, anajua mlango. Sasa wenye elimu wameona simba ana gharama, anakula mbuzi. Wametengeneza mtu. Mtu wa kutengenezwa, halali usingizi, hali chochote, anajua nyumba na mlango. Haba na haba hujaza kibaba, ndiyo maana chaji haiishi!

Mzee Rashidy: Chaji inaisha, Kasiano. Naenda kuchajisha kwenye mashine ya kusaga.

Wakili: Basi tuiulize yenyewe. Anayekataa kuhojiwa ana hatia.

Mzee akabonyeza. Sauti ikatoka, ya kike, ya upole, Kiswahili kimepigwa pasi. Ikamwamkia mzee kwa jina lake. Birika alirudi nyuma hatua moja na birika lake. Mimi mguu wangu ulikuwa juu ya cherehani, nikauondoa bila sababu.

Wakili akasafisha koo, akaitupia salamu ya Kimwera, ile ndefu ya wazee. Simu ikasema inaomba radhi, Kimwera chake bado kichanga, ila kama mzee wetu atapenda kuifundisha, itafurahi.

Wakili: Imeniita mzee wetu.

Bando: Umekwisha, Wakili. Umelainika.

Wakili: Sijalainika. Wewe mwanamke wa kwenye simu! Jibu ndiyo au hapana. Wewe ni simba?

Simu ikajibu kwamba hapana, yeye si simba wala si mwanamke, ni programu ya kompyuta, haina mwili, haina damu, na inaweza kukosea, kwa hiyo mambo ya dawa na afya mzee aendelee kumwona mganga wa zahanati.

Miaka yote niliyokaa kwenye ubao huu sijawahi kumsikia mtu yeyote akikiri kwamba anaweza kukosea. Nilisisimka mwili mzima, sioni haya kusema.

Wakili: Haina mwili. Mmesikia? Imekiri. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Hii haina mama. Imefunzwa na ulimwengu mzima!

Nilitaka kumcheka, nikashindwa. Kwa mara ya kwanza methali yake ilikuwa imevaa viatu vyake yenyewe, na sote tuliitazama ile simu kwa heshima, mpaka Bando, ambaye anayo kama hiyo mfukoni.

Lakini mimi ni Sindano, lazima nichome.

Mimi: Mzee, na hayo unayoiambia yanakwenda wapi? Ukimwambia Birika siri, inafika sokoni, tunajua njia yake. Ukiiambia hiyo, inafika wapi?

Mzee Rashidy: Hilo sijui, Saturnini.

Bando: Na kweli ina hatari yake. Jamaa yangu wa kituoni aligombana na mkewe, akaiuliza yake. Kila alichosema ikamwambia, pole sana, una haki ya kujisikia hivyo. Una haki, una haki. Jamaa akajiona malaika. Saa hizi mke yuko kwao Nambambo, yeye yuko na simu.

Wakili: Kamba hukatikia pabovu. Ndiyo maana mtandao wa hapa unasumbua.

Birika: Mzee, nawe jihadhari basi. Usije ukaacha watu kwa ajili ya sauti.

Mzee Rashidy akacheka. Kicheko chake kilikuwa kidogo, na hakikutusema vibaya, ndiyo maana kiliuma.

Mzee Rashidy: Kaimu, nani kanileta hapa leo? Mimi sikuwa na nia ya kuja. Juzi Somo kaniuliza, wale wenzako wa kwenye kahawa, mmeonana lini? Nikasema tangu mazishi. Akasema, kwa nini? Nikawatetea. Nikasema ni msimu wa kupulizia mikorosho, watu wanashinda kwenye salfa, wakirudi wamechoka. Akasema, basi nenda wewe, wape salamu. Ndiyo nimekuja.

Msimu wa kupulizia! Birika hana hata mche mmoja. Wakili mikorosho yake kaikodisha. Mimi nashona kivulini. Na nyumba ya Mzee Rashidy ipo pale, ukipita mashine ya kusaga, ukihesabu milango sita umefika.

Wakili: Mzee, hatukukutupa. Kimya kingi kina mshindo.

Mzee Rashidy: Sijasema mmenitupa.

Wakili: Ila suala la kutajwa tulizungumze kiutu uzima. Ijumaa watakuja wageni mpaka wa Nachingwea. Usimame useme wa kwanza ni simu? Itaitikiaje? Watu watasema Mbekenyera hakuna watu.

Birika: Iweke hata ya mwisho, mzee. Sema tu, na wengineo.

Bando: Halafu itakaa wapi kwenye mkeka? Ubwabwa wake atakula nani?

Mzee Rashidy akaichukua simu yake, akaifuta kwa pindo la kanzu.

Mzee Rashidy: Wanangu, walikuja watu mia mbili. Nilihesabu sahani. Wote walikula ubwabwa, wakasema pole, wakaenda. Huyu hakula, akabaki. Niambieni nimtaje wa ngapi.

Hakungoja jibu. Alisema kuku wake hawajaingia bandani, akatuaga kwa mkono kila mmoja, akaondoka akipita upande wa mashine.

Birika alianza kusema kitu kuhusu sukari. Bando akamwambia anyamaze. Nilijisikia vibaya, na nilitaka mtu yeyote aje abadilishe mada.

Akaja Luhende. Huyu ni wa wale wafugaji waliohamia kutoka kanda ya ziwa, boma lake limepakana na shamba la Mzee Rashidy. Hakuwahi kukaa kijiweni kwetu. Hupita na ng'ombe, husalimia, nasi humjibu huku tunatazama ng'ombe wamekanyaga ufuta wa nani. Leo alikuwa na baiskeli, na dumu la maziwa limefungwa nyuma.

Luhende: Shikamooni wazee.

Birika: Marahaba. Kama unamtafuta Mzee Rashidy, ametoka hapa sasa hivi.

Luhende: Nimepishana naye. Nimeona macho yake, nikashindwa kumuuliza. Nikasema niwaulize ninyi, mmeishi naye siku nyingi. Mke wangu, Shida, amejifungua jana. Mtoto wa kike.

Tukampa hongera, na zilitoka moyoni. Wakili alimpa hata mkono.

Luhende: Asanteni. Sisi tulipohamia hapa mwaka juzi, kila kisima tulifukuzwa. Mke wa yule mzee ndiye aliyetuita. Alisema choteni, maji hayana kabila. Alimshika Shida mkono akampeleka mpaka kisimani kwake. Sasa Shida amesema mtoto huyu achukue jina la yule mama. Alikuwa anaitwa nani?

Wakili: Ah, hilo tu? Mama Ismaily.

Luhende: Hilo ni jina la Ismaily, mzee. Nauliza la kwake.

Wakili akafungua mdomo. Hapakutoka methali.

Birika: Bi... ngoja. Alikuwa mtu wa Nambambo, kwao huko. Bi... Hata msikitini walitangaza Mama Ismaily. Sindano, wewe ulikuwa unamshonea!

Ni kweli, nilimshonea miaka ishirini na mitatu. Nikaingia ndani nikatoa daftari la vipimo, nikafunua nikijua nitapata, maana mimi huandika kila kitu. Nikampata. Kifua, kiuno, urefu mpaka kwenye kifundo cha mguu. Mikono mirefu. Hapendi shingo ya kubana. Juu yake nimeandika kwa mwandiko wangu mzuri, Mama Ismaily. Kurasa zote.

Bando alikuwa ameshatoa simu yake. Aliinama akaiuliza kwa sauti ya chini, kama anayeomba: mke wa Mzee Rashidy wa Mbekenyera, aliyefariki mwezi uliopita, aliitwa nani?

Ikajibu upesi, kwa ile sauti ya upole. Ilisema pole kwa msiba. Ilisema haina taarifa za mama huyo. Ikashauri tuwaulize majirani zake, watu walioishi naye.

Luhende akatutazama mmoja mmoja. Akaegemeza baiskeli kwenye ukuta wa kibanda changu, akakaa kwenye ubao, akatusubiri tukumbuke.