Papa Osée Kashindi na Hela Isiyosuguliwa

Ndugu, jamaa na marafiki, nyinyi wa Kalundu na nyinyi mliotoka Bwegera na matope miguuni, familia ya Kashindi inawaomba mtulie kidogo, ijapokuwa huyu tunayemsindikiza hakutulia hata siku moja.

Marehemu Papa Osée Kashindi alizaliwa Bwegera, tarehe 14 Machi 1956, akalelewa na nyanya yake, Koko Sifa, ambaye kidole gumba chake kilipinda upande tangu kilipovunjwa na mchi, na mume wa koko huyo ndiye aliyewabebea askari mizigo mpaka Tabora katika vita vya 1916, akarudi na sarafu moja ya shaba ya njano, hela ishirini, ambayo Wajerumani waliipiga hukohuko Tabora kwa haraka walipoishiwa sarafu, na ndiyo sababu kwetu tunaiita Hela mpaka leo, hata kama mutaa muzima unasema franga.

Alisoma shule ya msingi Bwegera, akaimaliza mwaka 1969, segonderi akaiacha mwaka wa pili kwa sababu, alisema, benchi lilikuwa linamuwasha, na sisi tulioacha kama yeye tunamuelewa vizuri sana, akashuka Kalundu kubeba mizigo bandarini, halafu mwaka 1978 akahamia mpakani Kavimvira kubadilisha franga, na hapo ndipo wazee walipoanza kumletea sarafu za zamani, akazijua kuliko tunavyojua majina ya shangazi zetu. Mtu akijisifu kwamba ana ya Tabora, marehemu alimwambia weye unaangalia taji, minye ninaangalia mukia, maana taji liko juu ya zote, ila mafundi wa kule walichonga mihuri zaidi ya mmoja, na katika neno HELLER kuna L ya mkia uliochongoka na kuna L ya mkia uliojikunja, lakini zile za kughushi, zinazomiminwa kwenye udongo, herufi zake zimevimba kama zimeumwa na nyuki, na ukingoni kuna mstari wa kiungo.

Alifunga ndoa na Mama Léocadie hapa Uvira, tarehe 7 Agosti 1982, na Koko Sifa, kwa desturi ya nyumba yetu, akaisugua Hela kwa kidole gumba chake kilekile, kwa mchanga wa ziwa na ndimu ili bibi arusi aione iking'aa, na hiyo ikawa mara ya mwisho, kwani koko alipofariki mwaka 1984 marehemu alikataza kabisa, akisema kusugua ni kuichuna sarafu ngozi. Mungu aliwajalia watoto wawili, Ornella na Modeste.

Tarehe 16 Julai 2011, kwenye arusi ya Ornella, Hela ilitolewa ikiwa nyeusi kama maharage, na mdogo wa marehemu, Papa Bienvenu, aliyekuwa amekaa Kigoma miaka mingi, akasema mbele ya wakwe kwamba hii haiko ile ya koko, ile ilikuwa inang'aa, kaka ameiuza kwa wageni akatuwekea kutu. Tangu siku hiyo hawakula sahani moja, na marehemu alizunguka na Hela mfukoni, pikipiki hii na ile, akimuonyesha kila mtu mkia wa L, bila kumshawishi yeyote, kwa kuwa ni yeye mwenyewe aliyetufundisha kwamba mikia kama hiyo iko mingi.

Mwaka 2023 kisukari kilimchukua macho, akabaki anaipapasa tu, na ndipo kidole chake kilipotumbukia kwenye taji, mahali palipolika kwa upande, kwa kupinda kulekule kwa kidole gumba cha koko, akacheka kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, akaagiza Papa Bienvenu aitwe upesi. Alifariki asubuhi ya tarehe 2 Juni 2024, akiuliza kama boti ya Kigoma imefika.

Imefika jana. Mama Léocadie alimpa Papa Bienvenu sarafu, akamuonyesha pale palipolika kwenye taji, naye akaweka kidole, akakipindisha kama koko, kikalala palepale, na tangu jana hajaifungua ngumi hiyo, hata kula anakula kwa mkono wa kushoto, na familia haimuombi kitu kingine isipokuwa asiisugue.

Tunawashukuru waganga na wauguzi, majirani waliokesha nasi, na wabadilisha franga wa Kavimvira waliofunga meza zao leo.

Pumzika sasa, Papa Osée, jina lako hakuna atakayelisugua tena.