Vali Ambazo Hazijafa Bado

Mgeni rasmi, karibu karakana ya hospitali. Kiti ulichokalia ni cha wodini, tumekiazima kwa muda, na chai ni ya kuchangishana. Tumefurahi umefika, ingawa nyuso zetu hazisemi hivyo.

TULIKOTOKA

Sisi ni mafundi wa mashine za oksijeni. Zamani tulikuwa tunaitwa mashine ikishazimika, mgonjwa anahema juujuu na ndugu zake wanatutolea macho. Ndipo alipoajiriwa mtakwimu, dada mpole asiyependa kubahatisha.

TULICHOFANIKIWA

Dada huyu alikusanya muda ambao kila vali, kile kilango kinachopitisha hewa ndani ya mashine, ilifanya kazi kabla ya kufa. Zinazoendelea kufanya kazi nazo aliziingiza, maana kuziacha kungepotosha hesabu. Akatuonyesha kwamba vali ikizeeka, hatari yake inapanda kwa kasi. Sasa tunajua mashine zipi hazifai kuaminiwa. Ni nne, zote wodi ya wanawake.

KINACHOTUKWAMISHA

Tuliomba vali mpya. Makao makuu yakajibu kwamba zilizokufa ni chache mno, hesabu haina uhakika wa kutosha, tusubiri. Kitaalamu hawajakosea. Hata mtakwimu alimwambia mtunza stoo, "Kaka, zingekufa nyingine kumi hivi, wangekosa la kusema."

Mtunza stoo akamwuliza, "Hizo kumi, dada, zifie kwa nani?"

Mtakwimu alilia. Tangu siku hiyo hajagusa hesabu ile, na hatumlaumu.

Mtunza stoo ndiye anayekusomea risala hii. Mke wake, shemeji yetu sote, amelazwa kitanda cha dirishani, kwenye mojawapo ya mashine zile nne. Tulimsihi amwachie mwingine asome. Akakataa, akasema akikwama tumpokee.

TUNALOOMBA

Hatuombi karakana mpya wala posho. Tunaomba vali nne, ili hizi za zamani zitolewe zikiwa bado hai. Tukifanya hivyo hatutajua kamwe zingekufa lini, na hesabu itabaki na pengo. Sisi na mtakwimu wetu tumeridhia pengo hilo.

Mgeni rasmi, ukitoka hapa utapitishwa wodini. Shemeji atakupungia mkono, maana pumzi ya kusemea hana. Tafadhali, usimwambie kwamba tunasubiri uhakika.

Mungu akurudishe salama kwako, uwakute wote wanapumua vizuri.

Ni sisi mafundi wa oksijeni, pamoja na mume wa mgonjwa wa dirishani.