Bango la Kadibodi

Wasikilizaji wapendwa, leo nina habari ya msiba. Shangazi Jaribu ametutoka. Ndiyo, yule afisa wa ustawi wa jamii aliyeanzisha baraza la vijana. Alifariki Jumanne, baada ya kuugua kwa muda mfupi.

Kwa asiyelijua baraza hilo: kijana akikiri kosa lake, anakaa mbele ya vijana wenzake, pamoja na yule aliyemkosea. Wanakubaliana namna ya kutengeneza kilichoharibika. Wasipokubaliana, kesi inarudi mahakamani. Na vijana hao, msiwaone hivyo, ni wakali kuliko mahakimu! Ndiyo maana shangazi aliweka sharti: adhabu unayoipendekeza, ijaribu wewe kwanza.

Binti yake anasema sharti hilo lilianzia nyumbani. "Nilimwambia mama amnyime mdogo wangu chakula. Akasema, sawa mwanangu, basi na wewe funika sahani yako. Huruma ilinijia hapo hapo!"

Sasa sikilizeni. Miaka kadhaa iliyopita, msichana wa miaka kumi na sita alivunja kioo cha saluni. Kesi ikirudi mahakamani, shule basi tena. Msusi, mwenye saluni, alikuja barazani amefura. Vijana wakaamua: msichana afagie saluni kila Jumamosi, na shingoni avae bango, "Mimi ni mharibifu."

Shangazi akaleta kadibodi na kamba. "Haya, nani anaanza?"

Aliyetoa wazo, kijana mmoja msemaji kweli kweli, akalivaa huku akicheka. Akaenda nalo hadi mwisho wa mtaa. Aliporudi, domo lote limekwisha.

"Hakuna aliyeniuliza nimefanya nini," akasema. "Walisoma tu, wakapita."

Akalivua. Ndipo msusi akamgeukia msichana. "Hebu niambie, kwa nini ulinivunjia kioo?"

"Ulisema nanuka. Mbele ya wateja."

Msusi akashika mdomo. "Nilisema, mwanangu. Nilisema kweli. Nisamehe."

Na msichana naye akaomba radhi, analia. Wakakubaliana aje Jumamosi kuwaosha wateja nywele, bila bango, mpaka kioo kipya kiwekwe. Kesi haikurudi mahakamani. Kioo kiliwekwa, lakini msichana hakuacha kwenda. Msusi akamfundisha kusuka.

Msichana yule nilimkuta mazishini, mtu mzima sasa, na ni mmoja wa wanaoliongoza baraza lile lile. Nikamuuliza shangazi alimfanyia nini hasa. Akafuta macho. "Siku ile mimi nilikuwa nimeshajihukumu. Shangazi ndiye aliyenikatia rufaa."

Kwa binti yake, mdogo wake, na vijana wote wa baraza: poleni sana. Tunalia nanyi.

Na wewe unayenisikiliza, najua yupo kijana uliyemnunia. Mwite. Muulize kwa nini. Halafu, tafadhali, nyamaza umsikilize.